Nusu marathoni ya Mwalimu: wiki 20, pumzi iliyotangulia na mfupa uliochelewa

Mhusika na alikotoka

Mhusika ni mwanamke wa umri kati ya miaka 35 na 40, mwalimu wa shule ya msingi jijini Dar es Salaam. Humu ataitwa Mwalimu. Jina, mtaa, shule na mwaka vimeondolewa. Dakika na kilomita zimebaki kama zilivyoandikwa kwenye daftari lake.

Alikuwa na miaka mitatu ya kukimbia. Alianzia kwenye klabu ya jogingi ya mtaani, zile zinazotoka alfajiri ya Jumamosi na Jumapili na fulana za rangi moja, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia. Mwaka wa pili akajitoa. "Wanaimba mno, hawakimbii," ndiyo sababu aliyoitoa. Akawa anakimbia peke yake siku 5 kwa wiki, kilomita 6 kila siku, njia ileile, kila asubuhi akijaribu kuushinda muda wa jana.

Kwa mtindo huo alikimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro Marathon, Moshi, kilomita 21.1, kwa saa 2:31. Miezi iliyofuata akakwama. Majaribio yake matatu ya kilomita 5 yalikuwa dakika 31:05, 31:30 na 31:10. Juu ya hayo, ugoko wa mguu wa kulia, upande wa ndani, theluthi ya chini, ulikuwa unauma dakika 10 za mwanzo, unatulia, kisha unarudi jioni akishasimama darasani siku nzima.

Alimfuata kocha wiki ya pili ya Oktoba akiwa na ombi moja: Moshi, mwisho wa Februari, saa 2:15. Zilikuwa zimebaki wiki 20.

Kilichoonekana kwenye daftari

Kocha hakuandika mpango siku hiyo. Aliomba rekodi za wiki 4 zilizopita, kisha akaongeza safu moja: ugumu wa kila zoezi kwa alama 0 hadi 10. Alama aliitaja Mwalimu mwenyewe, takriban nusu saa baada ya kumaliza, jasho likiwa limekauka. Ukizidisha alama kwa dakika za zoezi unapata mzigo wa siku. Njia hii ilienezwa na Carl Foster, mtafiti wa mazoezi wa Marekani, na uzuri wake ni kwamba haihitaji kifaa chochote zaidi ya kalamu na ukweli.

Hesabu ilitoka hivi: dakika 38 mara alama 7, sawa na 266. Siku ya pili 266. Ya tatu vivyo hivyo, mpaka ya tano. Kwa wiki 1,330, na hakuna siku iliyokuwa nyepesi wala siku iliyokuwa ngumu kwelikweli.

Alama 7 kila siku ni mahali pabaya pa kuishi. Ni ngumu kiasi cha kukuachia uchovu wa kesho, ila si ngumu kiasi cha kuufundisha mwili kasi usiyoijua. Mwili wa Mwalimu ulishauzoea mzigo huo zamani na haukuwa na sababu ya kubadilika. Kilichoendelea kukusanyika ni uchovu na maumivu ya ugoko.

Kocha alipima pia ombi lenyewe. Kwa kanuni ya mhandisi Peter Riegel, inayokadiria muda wa mbio ndefu kutokana na mbio fupi kwa kuzidisha muda kwa uwiano wa umbali uliopandishwa kwenye kipeo cha 1.06, dakika 31:10 za kilomita 5 zinakadiria saa 2:23 kwa nusu marathoni ya tambarare. Ili 2:15 ipatikane, kilomita 5 zilipaswa kushuka hadi takriban 29:20. Moshi nako si tambarare: njia inapanda kuelekea Mweka, upande wa mlimani, halafu inashuka. Lengo lilikuwa limebana tangu siku ya kwanza, na hapa kocha alikosea kutolisema wazi.

Uamuzi wa kwanza: kupunguza

Wiki ya kwanza ilikuwa siku 4, dakika 30 kila moja, zote nyepesi. Jumla dakika 120, kutoka 190 alizozizoea. Sababu ilikuwa ugoko. Moyo na damu huitika mazoezi upesi. Maji ya damu huongezeka ndani ya siku chache tu. Mfupa hauendi hivyo. Ukipata mzigo mpya huanza kwa kuchimbwa, chembe za aina moja zikiondoa mfupa wa zamani kabla nyingine hazijajaza mpya, na mzunguko huo huchukua takriban miezi 3 hadi 4. Katikati ya kipindi hicho mkimbiaji anajisikia ana pumzi za kutosha, huku mfupa ukiwa dhaifu kuliko alivyoanza. Mpango wote uliofuata ulijengwa juu ya jambo hilo.

Wepesi haukupimwa kwa mapigo ya moyo. Ulipimwa kwa wimbo wa klabu. Kama Mwalimu angeweza kuanzisha mstari mzima, kunyamaza kana kwamba anasubiri waitikiaji, kisha kuanzisha mwingine bila kuiba pumzi katikati ya neno, alikuwa mahali sahihi. Wimbo ukikatika, apunguze. Kwa kipimo hicho kasi yake ilikuwa dakika 7:54 kwa kilomita, wakati alizoea 6:20. Siku ya tatu akatuma ujumbe:

"Kocha, huku si kukimbia, huku ni kwenda sokoni. Leo kuna mama ana ndoo kichwani kanipita."

"Mwache apite, Mwalimu. Ukimaliza nusu saa niambie ugoko unasemaje."

Mazoezi yalihesabiwa kwa dakika, si kwa kilomita. Joto la Dar linapopanda kuanzia Desemba, kilomita zilezile zinachukua muda mrefu na kuuchosha mwili zaidi. Anayefukuza kilomita huongeza mzigo bila kujua. Dakika hazina mtego huo. Wiki 7 za kwanza zilikwenda 120, 135, 150, 110, 155, 170, 180. Hiyo 110 ya wiki ya nne ni wiki nyepesi, na iliwekwa kila baada ya wiki 3.

Wengi watauliza kuhusu kanuni ya kuongeza asilimia 10 kwa wiki. Ni mazoea mazuri lakini si kinga. Jaribio lililofanywa Uholanzi na kuchapishwa 2008 lililinganisha wakimbiaji wanaoanza: kundi moja liliongezwa taratibu kwa kanuni hiyo kwa wiki 13, jingine likafuata mpango wa kawaida wa wiki 8. Walioumia walikuwa takriban mmoja kati ya watano katika kila kundi. Kocha aliitumia asilimia hiyo kama mwongozo tu, na jibu la ugoko asubuhi ya pili, mguu unapogusa sakafu kwa mara ya kwanza, ndilo lililoamua kama wiki inaongezwa au inarudiwa.

Mashavu ya miguu na mfuko wa unga

Mara 2 kwa wiki, dakika 25, nyumbani, baada ya kukimbia na si siku ya mapumziko. Mazoezi yalikuwa manne: kunyanyua visigino kwenye ukingo wa ngazi, kuchuchumaa, kupanda na kushuka ngazi kwa mguu mmoja, na kulala chali kisha kuinua nyonga.

La visigino linastahili maelezo. Seti 3, kila moja marudio 8. Panda kwa hesabu ya moja, tulia juu, shuka kwa hesabu ya tatu mpaka kisigino kipite chini ya ukingo. Seti ya mwisho goti likunjwe kidogo, ili msuli wa ndani wa shavu la mguu, ambao hubeba sehemu kubwa ya kazi ya kukimbia, usikwepe. Kila kipindi ongeza rudio moja. Ukifikisha 12 kwenye seti zote tatu, vipindi viwili mfululizo, tia kilo 1 kwenye begi la mgongoni na urudi kwenye 8. Mwalimu alitumia mifuko ya unga ya kilo 1. Alianza kwa miguu miwili. Wiki ya tatu akahamia mguu mmoja. Mwishoni mwa Desemba begi lilikuwa na kilo 2.

Makosa mawili hujirudia kwa watu wengi, na yalimpata naye. La kwanza ni kudunda chini: kano ikifanya kazi kama mpira, msuli haufanyi kitu. La pili ni kuongeza uzito na marudio siku moja kwa kuwa "leo nina nguvu". Mguu ukiuma baadaye hujui umlaumu nani.

Kasi inaingia, kisha wiki ya 9

Ugoko ulinyamaza wiki ya tano. Wiki ya saba Jumanne ikapewa kazi ngumu ya kwanza: dakika 10 nyepesi, halafu vipande 4 vya dakika 5 kwa ugumu ambao unaweza kusema maneno matatu au manne lakini si sentensi nzima, dakika 2 za kukimbia polepole katikati, na kumalizia nyepesi. Jumla dakika 45, alama 6. Siku nyingine tatu zikabaki za wimbo. Mzigo wa wiki hiyo ulikuwa 675 tu, karibu nusu ya aliokuwa akibeba zamani, na bado njia yake ya nusu saa nyepesi, iliyoanzia kilomita 3.8, ilikuwa imeshafika 3.95 kwa jasho lilelile.

Wiki ya nane ilikuwa nyepesi: dakika 130, mzigo 390. Shule zikafungwa.

Mpango wa wiki ya 9 ulisema dakika 190: Jumanne 45 za vipande, Alhamisi 40, Jumamosi 35, Jumapili 70. Mzigo 705. Mwalimu alitoka wiki nyepesi akiwa na miguu mipya, likizo mbele yake, hana madaftari ya kusahihisha. Jumatano akaongeza dakika 40 za kasi yake ya zamani. Jumapili akakutana na wenzake wa klabu waliokuwa wanajiandaa kwa Moshi, akaungana nao: kilomita 18, dakika 125, alama 7. Zoezi refu kuliko yote ya mpango huu kabla ya hapo lilikuwa la dakika 65.

Wiki ikaisha na dakika 285 na mzigo 1,650, zaidi ya mara nne ya wiki iliyotangulia. Jioni ile ile ugoko ukarudi. Jumatatu alishindwa kushuka kitandani bila kushika ukuta.

Kuamua kati ya mfupa na nyama zake

Swali la kwanza halikuwa lini atarudi. Lilikuwa kama mfupa umepata ufa wa uchovu. Dalili tatu zilitazamwa. Maumivu yakikaa kwenye doa moja unaloweza kulifunika kwa ncha ya kidole, hiyo ni tahadhari; yakisambaa kwa sentimita 5 au zaidi kando ya mfupa, mara nyingi ni utando na misuli inayoushika. Maumivu ya usiku ukiwa umelala ni tahadhari. Kuruka kwa mguu mmoja kukileta maumivu makali papo hapo, ni tahadhari. Kwa Mwalimu yalisambaa takriban upana wa vidole vinne, usiku yalilala, ila kuruka kuliuma kidogo. Dalili moja yenye shaka ilitosha kumpeleka kwa daktari na mtaalamu wa fiziotherapia. Ikumbukwe kwamba picha ya eksirei katika wiki 2 au 3 za kwanza inaweza kuonekana safi hata kama ufa upo, kwa hiyo picha safi peke yake si ruhusa ya kukimbia. Waliomchunguza waliridhika kwamba si ufa.

Wiki ya 10 hakukimbia kabisa. Alitembea, na mazoezi ya nyonga yakaendelea. Masharti ya kurudi yalikuwa kutembea dakika 30 bila maumivu siku hiyo na asubuhi iliyofuata, kisha kukimbia dakika 1 na kutembea dakika 1 mara 10, siku moja kukimbia, siku moja kupumzika. Wiki ya 11 ilikuwa na dakika 75, ya 12 dakika 130.

Uamuzi mgumu ulikuwa wa mazoezi yaliyopotea. Mwalimu alitaka kuyafidia. Kocha alikataa: vipande vilivyokosekana vilifutwa, havikusogezwa mbele. Mpango uliendeshwa kulingana na mguu, si kulingana na kalenda. Hilo lilikuwa sahihi. Ila kalenda ilikuwa na lengo la 2:15 juu yake, nalo halikuguswa.

Vilima na Moshi

Kuanzia wiki ya 13 dakika zilipanda 160, 180, 195, zikashuka 140, zikapanda tena 210 na 225. Zoezi refu la Jumapili lilifika dakika 120 wiki ya 18. Vipande vya Jumanne vikakua kwa urefu badala ya kasi: 5 vya dakika 5, halafu 3 vya 8, halafu 3 vya 10. Jaribio la kilomita 5 wiki ya 16 lilitoa 29:35, dakika moja na nusu chini ya pale alipokwama kwa miezi. Njia ya nusu saa ikafika kilomita 4.15, bado akiimba.

Sehemu kubwa ya Dar ni bapa, kwa hiyo mazoezi ya vilima yalifanyika Goba mara moja na Pugu mara moja, wiki ya 15 na 17. Mara mbili ni chache mno. Kupanda kulifanyiwa kazi vizuri. Kushuka kulichukuliwa kama mapumziko. Wakati huohuo shule zilifunguliwa, na mazoezi ya ngazi yakapungua kutoka mara 2 hadi 1, na wiki mbili hayakufanyika kabisa. Hayo yamo kwenye daftari, lakini hakuna aliyeyasema kwa sauti.

Wiki ya 19 dakika zilishushwa hadi 140 na ya 20 hadi 70 kabla ya mbio, ugumu ukibaki uleule kwa vipande vichache vifupi. Kupunguza wingi na kubakiza ukali ndiko kunakomfikisha mtu kwenye mstari akiwa amepumzika bila mwili kuzubaa.

Siku ya mbio alianza kwa wimbo, kama alivyoelekezwa, akawaacha watu wapite. Sehemu ya kupanda aliimaliza akiwa na pumzi ya kuongea. Akaanza kushuka akidhani sasa ndiyo malipo. Kufika kilomita ya 16 misuli ya mbele ya mapaja ilikuwa imekakamaa kama mbao. Pumzi zilikuwepo, miguu haikuwepo. Alimaliza kwa saa 2:19. Ugoko ulikuwa kimya. Kwa siku tatu alishuka ngazi za shule kinyumenyume, akishika reli.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Dakika 12 zilipungua kwa mwaka, na sehemu kubwa ilitokana na kugawanya ugumu. Siku za wimbo zilimwachia nguvu za Jumanne, na Jumanne ndiyo iliyovunja ukuta wa 31:10. Klabu aliyoidharau ilikuwa inakimbia kasi aliyoihitaji kwa siku 3 kati ya 4. Kuongeza kitu kimoja kwa wakati kulisaidia pia pale mambo yalipoharibika: kwa kuwa kila namba ilikuwa imeandikwa, chanzo cha wiki ya 9 kilionekana kwa dakika tano.

Wiki ya 9 si kosa la Mwalimu peke yake, na tungependa hili lisomwe kwa makini na wanaofundisha wengine. Mpango ulimwambia afanye nini. Haukumwambia mwisho wa kufanya ni wapi. Wiki nyepesi nayo haikuelezwa. Mtu anayetoka humo anajisikia amepewa miguu ya bure, akadhani ni dalili kwamba anaweza kubeba zaidi, kumbe ni mwili unaomalizia kazi ya wiki tatu zilizopita. Kwa hiyo hatari kubwa haiko wiki ngumu. Iko siku chache baada ya ile nyepesi, hasa ikiangukia likizo. Tena jumla ya wiki si kitu pekee cha kuogopa: miezi michache nyuma Mwalimu alibeba 1,330 bila kuumia kiasi hiki. Kilichomvunja zaidi, kwa maoni yetu, ni zoezi moja la dakika 125 kwa mguu uliojua 65.

Lengo nalo lilipaswa kushushwa wiki ya 12. Hata kwa 29:35 ya kilomita 5 iliyokuja wiki ya 16, makadirio ya tambarare ni 2:16. Kwa njia ya Mweka, 2:18 hadi 2:20 ndiyo ilikuwa namba ya kweli. Mwalimu aliishi wiki 8 akihisi yuko nyuma wakati alikuwa mahali pake.

Kushuka kilima ni kazi. Paja linafunga breki kila hatua, msuli ukirefuka huku unakaza, na hiyo ndiyo aina ya kazi inayouumiza msuli usioizoea. Bahati nzuri ni kwamba dozi ndogo chache hujenga kinga inayodumu kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kasoro hii ilikuwa rahisi kuzuia.

Mzunguko uliofuata

Baada ya wiki 3 za kutembea na kukimbia apendavyo, mpango mpya uliandikwa na marekebisho manne. Kila zoezi refu lina dari: lisizidi kwa zaidi ya dakika 10 zoezi refu kuliko yote ya siku 30 zilizopita. Juu ya kila wiki nyepesi pameandikwa, kwa kalamu nyekundu, dari ya wiki inayofuata. Kushuka kunaanza wiki ya tatu: mara 4 za dakika 1 kwenye mteremko wa kawaida, hatua fupi za haraka, kila siku 10, ikiongezwa mara moja moja hadi 8. Na mazoezi ya ngazi yamehamishiwa shuleni, saa ya mapumziko, begi la unga likiwa chini ya meza yake ya ofisini.

Jumamosi amerudi klabu. Ndiye anayeanzisha nyimbo.